Chokaa au mafuta? Espresso imekuwa chungu na maji yanatoka upande mmoja

#1 KikombeKimoja

Wakuu habari. Nina mashine ya espresso ya nyumbani: boila moja, pampu ya kutetema, potafilta (kile kishikio cha kuwekea unga wa kahawa) ya milimita 58. Ilikuwa inaenda vizuri ila siku hizi imebadilika tabia.

Kahawa ina uchungu wa ajabu. Si ule wa kahawa iliyokaangwa sana, huu unanukia mafuta yaliyochacha. Nimebadilisha kahawa, uchungu ni ule ule. Nikiwasha pampu bila potafilta, maji yanamwagika upande mmoja na upande wa pili unadondosha tu. Machicha yanabaki na dimbwi la maji juu, na ule mlio wa "tshhh" wa kuachia presha mwishoni umefifia kabisa.

Nimeshapitisha asidi ya sitriki kama kijitabu kinavyosema. Hakuna kilichobadilika. Sasa watu wananishauri ninunue poda maalumu ya kusafishia. Msimamo wangu ni kwamba poda hizo ni biashara ya watu, asidi ikishapita kila kitu kimepita. Anayepinga aje na hoja.

#2 ChaiTuu

Mimi ni mtu wa chai, nimekuja kusoma ugomvi tu. Endeleeni.

#3 FundiValvu

Napinga, na hoja ninayo. Ndani ya mashine kuna uchafu wa aina mbili ambao haufanani hata kidogo. Wa kwanza ni chokaa. Unatoka kwenye maji na unakaa pale maji yanapopashwa moto: kwenye boila, mabomba, vijitundu. Wa pili ni mafuta ya kahawa yaliyochanganyika na unga laini. Huu unatoka kwenye kahawa yenyewe, nao unakaa kwenye wavu wa kumwagia maji, nyuma ya wavu, na njia nzima hadi kwenye vali inayoachia presha. Asidi inayeyusha chokaa, mafuta haiyagusi. Mafuta yanataka alkali, ndiyo maana poda kama Cafiza na Puly Caff zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya soda, pamoja na pakaboneti ya sodiamu ambayo hutoa oksijeni ikikutana na maji moto. Wewe umeiondolea chokaa mashine inayolalamikia mafuta.

Fanya hivi. Zima, iache ipoe, fungua skrubu ya wavu kwa bisibisi fupi, shusha wavu na kile kisahani cha nyuma yake. Angalia. Ukikuta tope jeusi linalonata, nusu ya kesi imeisha. Loweka vyote kwenye maji moto na poda kidogo, sugua, suuza, rudisha. Washa mashine mpaka ipate moto. Tia kichujio kipofu, kile kisicho na matundu, kwenye potafilta, weka poda kama gramu 3, funga, washa pampu sekunde 10, zima sekunde 10. Rudia mara tano. Suuza potafilta, kisha rudia vivyo hivyo kwa maji matupu. Kila unapozima, presha inarudi nyuma kupitia vali na kubeba uchafu hadi kwenye trei.

Hilo dimbwi juu ya machicha na "tshhh" iliyofifia ni vali imeziba. Sina shaka.

#4 Matone_Matone

"Sina shaka" mapema hivi, FundiValvu? Mimi naona chokaa. Asidi haimalizi ukoko wote kwa mkupuo mmoja. Inaulegeza, vipande vinabanduka, vinasafiri na maji hadi kwenye kijitundu chembamba kuliko vyote, hapo vinakwama. Kuna mashine zina jeti ya milimita 0.6 au 0.8 tu kabla maji hayajafika kwenye kahawa. Punje moja ya mchanga inatosha. Vali nayo ina kijipande cha mpira kinachokaa juu ya tundu dogo, na chembe ikiingia katikati haifunguki wala haifungi sawasawa. Dalili zake zote nimezieleza bila kutaja mafuta.

#5 Nusu_Gramu

Matone, rudi post #1. Kasema alipitisha asidi na hakuna kilichobadilika. Maana yake dalili zilikuwepo kabla. Halafu hujaeleza harufu ya mafuta yaliyochacha, chokaa hainuki.

#6 Matone_Matone

Hajasema huko nyuma alikuwa anapitisha kila baada ya muda gani. Kikombe, njoo ujibu.

#7 KikombeKimoja

Kila taa inapowaka napitisha. Mashine yenyewe inanijulisha.

#8 BiMizani

Hiyo taa haioni chokaa, kaka. Kwenye mashine nyingi inahesabu tu maji yaliyopita au mara ulizobonyeza. Ndiyo maana nyingine zinakutaka uingize ugumu wa maji yako mwanzoni, usipoingiza zinachukua kiwango cha kiwandani. Mwenye maji laini anapitisha asidi bure, mwenye maji magumu anachelewa.

Na kabla watu hawajakimbilia maelekezo ya #3: kichujio kipofu ni kwa mashine yenye vali ya njia tatu tu, ile inayoachia presha. Kuijua ni rahisi. Ukimaliza kutoa kahawa, kama kuna maji yanatemwa kwenye trei kupitia kijibomba cha pembeni na machicha yanabaki makavu, unayo. Kama hakuna kinachotemwa na ukifungua potafilta haraka inakurukia, huna. Presha haina pa kutokea, usiifungie kipofu. Hizo unasafisha wavu kwa brashi na unaloweka vichujio, basi.

#9 MzeeLeva

Poleni na solenoidi zenu, hizo vali za umeme. Yangu ni ya mkono, ina leva na springi. Sina pampu, sina taa ya kunidanganya, sina kompyuta. Nafungua pistoni, nabadilisha sili, napaka grisi ya silikoni ya chakula, narudisha. Achille Gaggia alileta espresso yenye povu kwa leva mwishoni mwa miaka ya 1940 na sioni kilichoongezwa cha maana tangu hapo.

#10 Nusu_Gramu

Mzee Leva kila uzi anakuja kutukumbusha kwamba ana mkono wenye nguvu.

#11 Dada_Kemia

Nimeona watu wanaitaja asidi ya sitriki kama vile ni maji ya kunawa. Naomba nafasi, itakuwa ndefu.

Maji magumu yanabeba kalisiamu ikiwa imeyeyuka pamoja na bikaboneti. Ukiyapasha moto, kaboni dioksidi inatoroka, na kinachobaki ni kaboneti ya kalisiamu, ambayo haiyeyuki vizuri, inaganda kwenye chuma. Hiyo ndiyo chokaa. Asidi inaigeuza na kuitoa, sawa. Lakini sitriki ina jambo lake. Ikikutana na kalisiamu nyingi inatengeneza sitreti ya kalisiamu, na hiyo nayo haiyeyuki vizuri, tena kwenye maji ya moto ndiyo inazidi kukataa. Ukitia mchanganyiko mkali kwenye boila lenye ukoko mnene huku limewashwa moto wa kahawa, unaweza kuishia na unga mweupe mpya mahali pa ule wa zamani. Ndiyo maana wengi wanashauri iwe ya uvuguvugu, hafifu, na irudiwe. Asidi ya laktiki na ile ya salfamiki hazina tabia hiyo, na dawa nyingi za dukani zina mojawapo.

Pili, chuma. Boila za shaba na za chuma kisichoshika kutu zinavumilia. Alumini haipendi asidi wala alkali. Haimaanishi usisafishe kabisa, inamaanisha muda mfupi na suuza nyingi. Vifaa vya alumini visilazwe kwenye poda usiku kucha. Vikitoka vyeusi msije kulia hapa. Potafilta za shaba ya njano zilizopakwa kromu zinavumilia zaidi, ila kromu ikishaanza kupasuka kuloweka kunaibandua. Na mpini usizame, uwe wa mti au wa plastiki.

Tatu, na hili ndilo watu hawalifikirii: boila la mvuke. Mvuke unatoka ukiwa maji matupu, madini yote yanabaki nyuma. Unaongeza maji mapya, yanaleta madini yake, mvuke unaondoka tena. Baada ya muda maji ya ndani ni mazito kuliko yale ya tangi mara nyingi tu. Wenye mashine za boila mbili au za kibadilisha joto, toeni maji ya moto kutoka kwenye bomba lake mara kwa mara ili ya ndani yabadilike. Ni bure na inasaidia kuliko dawa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana poda au asidi, pimeni maji. Vijikaratasi vya kupimia ugumu vinatosha. Nyuzi 1 ya Kijerumani, kipimo cha ugumu wa maji, ni miligramu 17.8 za kaboneti ya kalisiamu kwa lita. Specialty Coffee Association, chama cha wataalamu wa kahawa, iliwahi kuweka lengo la ugumu wa kalisiamu miligramu 68 kwa lita, ikikubali kati ya 17 na 85, na alkalini, yaani uwezo wa maji kuzima asidi, karibu 40. Ukiwa karibu na chini ya hapo, chokaa itakusumbua kwa nadra.

#12 Povu_Zito

Dada umeandika kitabu ila nimekisoma chote. Asante.

#13 Rafu_ya_Juu

Yote hayo ya nini? Siki. Nusu siki, nusu maji, pitisha, umemaliza.

#14 BiMizani

Umemaliza na kahawa yenye harufu ya siki. Inaingia kwenye mipira na mirija ya plastiki, utasuuza matangi na matangi bado unaisikia. Siki ni asidi dhaifu, na nguvu zake hutofautiana chupa hadi chupa, hujui umetia kiasi gani. Kuna watengenezaji wameikataza kabisa kwenye vijitabu vyao.

#15 Rafu_ya_Juu

Mimi naitumia kwenye birika miaka nenda rudi.

#16 BiMizani

Birika halina pampu, halina vali, halina sili. Unalimwaga linaisha.

#17 Jasho_la_Boila

Suluhisho la yote ni kuacha maji ya bomba. Tieni maji yaliyokenekwa, yale yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa maji. Hayana madini, chokaa haitakuja kamwe. Tena klorini ya maji ya bomba ndiyo inatoboa boila za chuma.

#18 Dada_Kemia

Jasho, umechanganya mawili. Klorini ni dawa ya kuua vijidudu, na kichujio cha mkaa kinaiondoa. Kinachotoboa chuma kisichoshika kutu ni kloridi, ile iliyo kwenye chumvi, na mkaa hauigusi. Inapungua kwa osmosisi, yaani kusukuma maji kwenye utando mwembamba, au kwa kubadilisha maji. Mtu anaweza kuwa na kichujio kizuri cha mkaa na boila likaendelea kuliwa.

Na maji yasiyo na madini kabisa: mashine nyingi zinajua boila limejaa kwa kipimio kinachotegemea maji kupitisha umeme. Maji matupu hayapitishi vya kutosha. Mashine inadhani boila ni tupu, inaendelea kujaza mpaka maji yatoke pasipotakiwa. Kahawa nayo inatoka haina uhai. Ukipenda njia hiyo, ongeza bikaboneti ya potasiamu kama gramu 0.1 kwa lita. Haina kalisiamu, kwa hiyo chokaa haitengenezeki, na maji yanapata kinga dhidi ya kula chuma na yanapitisha umeme.

#19 Jasho_la_Boila

Sawa, nimekubali la kloridi. La ladha silikubali. Mimi sisikii tofauti.

#20 Nusu_Gramu

Wewe hata ukipewa ya siki ya Rafu husikii tofauti 😂

#21 KikombeKimoja

Nimerudi. Nimefungua wavu kama FundiValvu alivyosema. Kwa heshima zote, nimeona mambo. Nyuma ya kisahani kuna tabaka jeusi linateleza, linanuka kile kile ninachokionja. Nimeloweka, nimesugua, nimefanya kipofu na poda. Maji ya kwanza yaliyotemwa kwenye trei yalikuwa ya kahawia, ya mwisho meupe. "Tshhh" imerudi, machicha sasa yanatoka makavu.

Ila maji bado yanaelekea upande mmoja. Na uchungu umepungua, haujaisha. Poda nimeikubali, nafuta kauli ya biashara ya watu. Sasa hilo lililobaki ni nini?

#22 FundiValvu

😎

#23 Matone_Matone

Usivae miwani bado. Maji bado yanaenda upande mmoja, na hilo ndilo nililosema mimi. Kuna kipande kimekwama juu ya kisahani.

#24 Chujio_Tupu

Hilo la upande mmoja mnalipa uzito lisilostahili. Bila potafilta hakuna presha pale, maji yanafuata mteremko tu. Mashine ikiinama kidogo yataelekea huko. Ukifunga potafilta yenye kahawa, nafasi ya juu inajaa maji kwanza ndipo presha inapanda, na presha inasukuma pande zote sawa. Weka kipimio cha usawa juu ya mashine kabla hujafungua chochote.

#25 KikombeKimoja

Nimeweka. Imeinama kidogo kuelekea mbele. Maji yanaenda kushoto.

#26 Matone_Matone

Haya, Chujio, mteremko wa mbele unaopeleka maji kushoto. Tufundishe.

#27 Chujio_Tupu

Skrubu ya wavu imekazwa kupita kiasi, wavu umepinda. Inawezekana pia. Bado sijasema ni kipande.

#28 Mvuke_Kwanza

Kuhusu uchungu nauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: unachemsha maziwa kabla ya kutoa kahawa au baada? Mashine ya boila moja ikiwa kwenye mvuke inapanda juu sana ya nyuzi 100. Kahawa inataka kama 90 hadi 96. Ukitoka kwenye mvuke ukaingia kwenye kahawa moja kwa moja, unaiunguza. Inabidi utoe maji mpaka yaache kuchemka na kurushaurusha, usubiri kidogo, ndipo utoe. Hapo hakuna mafuta wala chokaa, ni mpangilio wa kazi.

#29 KikombeKimoja

Huwa maziwa kwanza, kweli. Lakini nimekuwa nikifanya hivyo tangu mwanzo na ladha ilikuwa nzuri.

#30 Meno_ya_Kinu

Nimesoma kurasa zote na hakuna aliyeuliza habari ya kinu. Mnaosha mashine mpaka inang'aa halafu mnaipa unga uliopita kwenye meno yenye mafuta ya kale. Harufu ya kuchacha inaanzia huko mara nyingi kuliko mnavyodhani, hasa anayetumia kahawa nyeusi inayong'aa mafuta. Fungua kinu, chomoa umeme kwanza, toa jino la juu, piga brashi kavu, nyonya kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Usitie maji kwenye meno ya chuma, yanashika kutu. Kikombe cha juu kinachokaa punje ndicho kioshwe kwa sabuni, ule utando wa kahawia ni mafuta pia.

#31 Rafu_ya_Juu

Mimi nasaga mchele. Unatoa kila kitu.

#32 Meno_ya_Kinu

Unatoa na roho ya mota. Mchele mkavu ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa, na unaacha unga wa wanga kwenye kona. Kuna vidonge vya nafaka vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, vinavunjika kirahisi. Lakini brashi inatosha.

#33 Rafu_ya_Juu

Leo nimeamua kupigwa na kila mtu.

#34 Pampu_na_Presha

Mimi nasimama na pampu. Zile za kutetema zinachoka taratibu, huwezi kugundua siku hadi siku. Presha ikishuka au ikiyumba, maji yanapita kwenye kahawa kwa mwendo tofauti na ule uliouzoea, mtu anasaga laini zaidi kufidia, uchungu unaongezeka. Pima. Weka chombo kwenye mizani, washa pampu sekunde 30 bila potafilta, andika uzito wa maji. Rudia kila mwezi. Namba ikianza kushuka kuna kitu, ama pampu ama njia imeziba.

Na mkifanya hizo za kipofu na za asidi, ipumzisheni. Pampu nyingi za Ulka zimeandikwa ubavuni dakika 2 za kazi kwa 1 ya kupumzika. Mtu anapitisha tangi zima la asidi bila kuzima halafu anashangaa.

#35 FundiValvu

Pampu_na_Presha, kipimo kizuri ila hakitofautishi pampu iliyochoka na jeti iliyoziba. Vyote vinashusha namba.

#36 Matone_Matone

Asante kwa kunisaidia kutetea jeti.

#37 Povu_Zito

Samahani natoka nje kidogo ya mada. Bomba langu la mvuke linatoa mvuke kwa tundu mbili kati ya nne. Nifanyeje?

#38 Mvuke_Kwanza

Maziwa yameganda ndani. Fungua ncha, iloweke kwenye maji moto na dawa ya maziwa, chokonoa matundu kwa pini. Bomba lenyewe lizamishe kwenye jagi la maji ya moto, ukoko ulainike, ufute. Usilikwangue kwa kisu.

Lakini chanzo ni mvuke ukizimwa. Bomba likipoa linavuta ndani, na likiwa bado limo kwenye maziwa linayanyonya kuelekea kwenye boila. Piga mvuke kidogo kabla, chemsha, toa, futa hapo hapo kwa kitambaa kibichi, piga tena mvuke. Kitambaa hicho kiwe chake peke yake, si kile cha meza.

#39 Povu_Zito

Asante. Tundu tatu sasa. Ya nne bado ina kiburi.

#40 ChaiTuu

Mnaishi na hiki kitu au kinaishi na nyinyi?

#41 Gasketi_Ngumu

Kikombe, mpini wa potafilta ukikaza unaishia wapi? Kama zamani ulisimama katikati na sasa unapitiliza kwenda kulia, gasketi imechoka. Mpira unapigwa joto kila siku unakuwa mgumu kama plastiki, maji yanaanza kuvuja pembeni. Unaitoa kwa kuzamisha skrubu ndogo kwenye mpira na kuivuta, ikivunjika vipande ujue ilikuwa imepitiliza muda. Ya silikoni inakaa laini muda mrefu zaidi. Angalia unene kabla ya kununua. Kwa grupu (sehemu potafilta inapofungwa) za aina ya E61 kuna ya milimita 8 na ya 8.5, hiyo nusu ndiyo inaamua mpini unakaa wapi. Na usiache potafilta imekazwa kwa nguvu wakati mashine imepoa.

#42 KikombeKimoja

Unapitiliza, ndiyo. Lakini hakuna kinachovuja.

#43 Gasketi_Ngumu

Bado.

#44 Nusu_Gramu

Kwa kuwa umetaja E61: wenye nazo mnapiga poda mara ngapi? Mimi wameniambia kila wiki, mwingine akaniambia poda inaondoa grisi kwenye kamu, kile kipande kinachozungushwa na leva, leva inaanza kulia na kukwama.

#45 FundiValvu

Poda inaondoa grisi, kweli. Ile haina solenoidi, vali zake zinasukumwa na kamu ya leva, na kamu inahitaji grisi ya silikoni inayofaa kwa vyakula. Mimi nafanya maji matupu kila jioni, poda mara moja kwa mwezi, grisi leva ikianza kuwa nzito. Solenoidi inaweza kupigwa poda kila wiki mbili bila shida.

#46 BiMizani

Mimi nahesabu vikombe, sihesabu wiki. Anayekunywa kimoja kwa siku na mwenye nyumba ya wageni wa kila siku hawawezi kufuata kalenda moja. Na maji matupu bila poda, binafsi naona yanahamisha uchafu tu.

#47 FundiValvu

Yanatoa unga kabla haujaganda. Mafuta hayatoi, hapo tuko pamoja.

#48 MzeeLeva

E61 hiyo ya kampuni ya Faema ya Italia ndiyo iliyowafundisha watu uvivu. Tangu 1961 pampu inafanya kazi ya mkono. E ni ya espresso, 61 ni mwaka.

#49 Pampu_na_Presha

Mwaka sawa. E ni ya kupatwa kwa jua, "eclisse" kwa Kiitaliano, Mzee. Tarehe 15 Februari 1961 jua lilipatwa na Italia ililiona, wakaipa mashine jina hilo.

#50 MzeeLeva

Basi ndiyo maana kukawa giza tangu hapo.

#51 KikombeKimoja

Taarifa. Nimesafisha kinu, kilikuwa na unga wa rangi tofauti na ninayosaga sasa, sisemi zaidi. Nimeanza kutoa kahawa kwanza, maziwa baadaye. Uchungu umeshuka tena. Lakini kwa kuwa nimefanya vyote siku moja sijui kipi kimesaidia, kwa hiyo Meno_ya_Kinu na Mvuke_Kwanza gawaneni.

Jambo la mwisho: nimeazima geji ya presha ya kufunga kwenye potafilta. Inasoma ba 12. Si inatakiwa 9?

#52 Meno_ya_Kinu

Hatugawani. Ni kinu.

#53 Pampu_na_Presha

12 basi pampu yangu haijachoka, nafuta kauli hiyo. Lakini 12 ni nyingi. Kuna vali ya kupunguza presha ndani, ina springi, ukiilegeza inarudisha maji ya ziada kwenye tangi na presha inashuka hadi 9. Mashine nyingi za nyumbani zinatoka kiwandani zikiwa juu, sanduku limeandikwa 15 kana kwamba ni sifa. Presha kubwa inatoboa njia kwenye kahawa, maji yanapita sehemu moja, hapo panatoa uchungu.

#54 Chujio_Tupu

Geji hiyo ni kama kipofu, hakuna maji yanayopita. Lazima isome juu kidogo kuliko wakati wa kahawa. Ukiilegeza hadi 9 kwenye geji, kwenye kahawa itakuwa chini ya hapo. Lenga 10 au hivi.

#55 BiMizani

Na kabla ya bisibisi kufika kwenye vali hiyo, chomoa umeme, siyo kuzima tu. Weka alama mahali skrubu ilipo kwa kalamu. Zungusha robo, pima, robo tena.

#56 Matone_Matone

Vali ya kupunguza presha nayo hushika chokaa ikakwama. Springi iko sawa ila haifunguki. Nasema tu.

#57 FundiValvu

Au imeshikwa na kitu kingine. Kikombe, ukifungua piga picha ya mdomo wa vali kabla hujaifuta. Ukiwa mweupe ni wa Matone, ukiwa wa kahawia niite.

#58 Dada_Kemia

Vali iko upande wa maji baridi, jamani, kati ya pampu na boila. Mafuta ya kahawa yatafikaje huko?

#59 Jasho_la_Boila

Na chokaa ya moto itafikaje kwenye maji baridi?

#60 Matone_Matone

Inategemea mashine. Kuna zile vali imefungwa juu ya boila lenyewe, inapata joto lote. Kikombe, ya kwako iko wapi?

#61 KikombeKimoja

Ndiyo nafungua kifuniko sasa. Skrubu moja imegoma kutoka.